Namba moja, simu tatu: nilivyohangaika mpaka nikaweza

Nilitaka namba yangu moja ilie kwenye simu zaidi ya moja. Watu watatu tofauti waliniambia "mbona hicho ni kitu kidogo tu", na wote watatu walinipoteza, kwa hiyo naandika hapa kabla hasira hazijapoa.

Mimi ni fundi umeme. Kazi yangu nusu iko juu ya ngazi, nusu iko ndani ya dari. Simu yangu kubwa nimeshaidondosha kutoka juu mara mbili, mara ya kwanza kikaenda kioo, mara ya pili kioo na kamera, na hiyo ya pili hela ya matengenezo ilibaki kidogo tu ningenunua nyingine. Nikaamua simu kubwa ikae nyumbani kwenye chaji, mimi nitembee na kitochi, simu ndogo ya vitufe. Kitochi kikianguka unaokota betri, unaokota mfuniko, unapachika, kazi inaendelea. Tatizo likawa namba. Namba yangu imechorwa kwenye boksi la vifaa, nimebandika stika kwenye maboksi ya swichi ya wateja wa miaka na miaka, kuibadilisha siwezi. Nilichotaka mimi ni namba ileile moja ilie nyumbani na ilie mfukoni, na meseji nizione popote nilipo. Basi.

Mshauri wa kwanza akasema hamisha laini tu, asubuhi weka kwenye kitochi, jioni rudisha. Nilifanya hivyo kama wiki mbili. Laini ya simu kubwa ni ile ndogo kabisa, kitochi kinataka ile kubwa ya zamani, kwa hiyo unaivalisha kile kiplastiki cha kuongezea ukubwa, halafu unasali. Kile kiplastiki kina tabia ya kunasa ndani, ukivuta kinavuta na vile vimeno vya shaba, kitochi cha kwanza kilikufa hivyo. Cha pili nikawa nabandika gundi ya karatasi kwa nyuma, ikawa inatoka vizuri, nikajiona mjanja. Mpaka siku nikiwa darini nikaona ngoja niibadilishe hukohuko juu maana kuna mteja alikuwa anatuma picha. Laini ikaniponyoka. Nimepiga magoti kwenye vumbi la dari karibu saa nzima namulika kwa tochi ya kitochi ambacho chenyewe hakina laini, mwenye nyumba yuko chini ananiuliza "fundi, umeme unarudi saa ngapi?" na mimi namjibu kuna waya mmoja nautafuta. Niliikuta imenasa kwenye soli ya kiatu changu.

Mshauri wa pili ndiye aliyeniudhi zaidi maana aliongea kwa kujiamini. Akasema nenda kwa watu wa mtandao, sema laini imepotea, wakupe nyingine yenye namba ileile, ile ya zamani si unayo? Basi unakuwa nazo mbili! Nikamwona mtu wa maana sana. Nikaenda, nikasema imepotea, nimekunja uso kabisa kama mtu mwenye msiba. Nikapewa mpya. Nikatoka nje nimezishika simu zote mbili mkono mmoja, hii na hii. Haukupita muda ile ya zamani ikaandika hakuna huduma, na mpaka leo haijawahi kuandika kitu kingine. Na benki nao wakaona laini imebadilishwa wakanizuia nisitume hela kwenye simu mpaka nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Kwa hiyo nilidanganya, nikapanga foleni mara mbili, na nikarudi na laini moja kama nilivyokwenda.

Baadaye ndio nikaelewa kwa nini haiwezekani, na ningeambiwa hili siku ya kwanza nisingehangaika. Laini haina namba yako ya simu kama unavyodhani. Ina namba yake ya ndani na ufunguo wa siri, na mtandao ndio unaoandika kwamba laini hii ni ya namba hii. Ukipewa mpya, mtandao unaifuta ile ya zamani kwenye daftari lake. Kuna wanaosema kaitoe kopi. Laini za zamani, za miaka ya 1990 huko, kweli kuna zilizonakiliwa, za siku hizi ufunguo hautoki. Na hata ungefanikiwa, mtandao unakumbuka sehemu moja tu ulipo, simu iliyojisajili mwisho ndiyo inayopigiwa, nyingine iko pale kama pambo. eSIM, ile laini isiyo ya kuchomeka iliyo ndani ya simu yenyewe, nayo ni hivyohivyo msidanganyike, ukiihamishia simu nyingine kule ilikotoka inakufa. Kuna mitandao inauza huduma ya namba moja kwenye laini zaidi ya moja, ndiyo inayofanya zile saa za mkononi zipokee simu zenyewe, kama mtandao wako unayo chukua umalize kazi usisome zaidi. Wangu niliuliza, dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kwamba hawana.

Sasa ikabaki kudaiveti, yaani kuuambia mtandao simu zinazoingia namba hii zihamie namba nyingine. Nikanunua laini ya pili nikaweka kwenye kitochi, namba ambayo sikumpa mtu yeyote. Kwenye simu kubwa nikabonyeza **21* nikaandika namba ya kitochi na # mwishoni, nikapiga kama unavyopiga simu ya kawaida, ikajibu imekubali. Ikafanya kazi vizuri ila simu kubwa ikawa hailii kabisa, maana 21 inahamisha kila kitu moja kwa moja, hata ukiwa umekaa nayo mezani. Nikawaza: basi na kitochi nacho nikidaiveti kije kwenye simu kubwa, si zitakuwa zinasaidiana, yoyote niliyonayo itapokea? Nikafanya. Asubuhi yote kukawa kimya kitamu. Nikafunga soketi kumi na mbili bila usumbufu, nikawa namwambia kijana wangu unaona teknolojia, ukiipanga vizuri inakupa utulivu. Saa saba mchana mteja akaja mwenyewe kwa miguu, amekasirika, anasema amepiga tangu asubuhi simu inakatika tu. Nimeziambia simu mbili zirushiane, hii inasema nenda kwa yule, yule anasema rudi kwa huyu, mtandao ukachoka ukakata.

Iliyonitoa ni hii. Usitumie 21. Tumia 61, hiyo ni ya "asipopokea". Mimi niliandika hivi kwenye simu kubwa: **61*namba ya kitochi*11*15# nikapiga. Namba ya kitochi iandike na alama ya kujumlisha na kodi (msimbo) ya nchi. Hiyo 11 maana yake simu za sauti, na 15 ni sekunde za kusubiri, unaruhusiwa 5, 10, 15, 20, 25 au 30, ukiweka 17 inakataa (nilijaribu). Kwa hiyo mtu akipiga, simu kubwa inalia nyumbani kwanza, nikiwepo napokea, nisipopokea kwa sekunde 15 inahamia mfukoni. Halafu 62 ni ya ukiwa umezima au hupatikani, hii ndiyo iliyoniokoa siku umeme ulipokatika nyumbani na simu kubwa ikaisha chaji, na ndiyo, najua, fundi umeme. 67 ni ya ukiwa unaongea na mtu mwingine. Nilikaa nikaandika zote tatu moja moja ndipo nikagundua ipo 004 inayoweka zote tatu kwa pigo moja, **004* halafu yanayofuata ni yaleyale.

Na hapa kuna kitu ambacho sijaona mtu anakisema. Ukitaka kuzima daiveti kwa muda usiweke alama mbili za reli. ##61# inafuta kila kitu pamoja na namba, kesho uandike upya. Ukiweka moja, #61#, inalala tu, namba imebaki palepale, asubuhi unapiga *61# inaamka. Nimeokoa muda mwingi sana kwa hilo. *#61# inakuonyesha hali ilivyo. Na ukijichanganya kabisa ##002# inafuta daiveti zote, ila ujue kama ulikuwa unatumia ujumbe wa sauti nao unaenda, maana ujumbe wa sauti wenyewe ni daiveti tu.

Gharama: nilidhani ni bure. Si bure. Anayekupigia analipia mpaka kwako, kutoka kwako kwenda kitochi unalipia wewe kama vile umepiga wewe. Salio ambalo huwa linanifikisha wiki liliisha siku ya kwanza kabla sijashuka ngazi, na salio likiisha daiveti haiendi, halafu unadhani wateja wamekusahau. Sasa hivi nina bando la dakika na kitochi nimekiweka mtandao uleule ili dakika ziingie humo.

Jambo jingine, simu uliyopokea kwenye kitochi, simu kubwa haijui kama umepokea. Jioni unakuta imeandika simu nane hazikupokelewa. Wiki ya kwanza niliwarudia wote kwa heshima, "samahani nilikuwa kazini sikuona simu yako", mzee mmoja akanyamaza kidogo akaniuliza, "fundi, si tumeongea saa nne?"

Meseji sasa. Daiveti haibebi meseji. Hizo kodi zote hapo juu ni za sauti, meseji inabaki kwenye laini ilipotumwa. Mshauri wa tatu, mpwa wangu, akasema "Mjomba hilo niachie mimi", akaniwekea apu inayokopi kila meseji inayoingia simu kubwa na kuituma kwenye kitochi. Siku mbili nilifurahi, ya tatu ikaingia namba ya siri ya benki, ikaja mpaka kwenye kitochi ambacho hakina hata nywila, nikakumbuka hiyo apu imetengenezwa na nani sijui, inasoma kila kitu. Nikaifuta hapohapo nikiwa kwenye ngazi, yaani nilishuka nikaenda nyumbani kuifuta. Na kwa kuwa tumefika huku, mtu yeyote akikupigia akakwambia bonyeza **21* au **67* na namba fulani ili upate zawadi au urekebishiwe mtandao, anataka simu zako zihamie kwake, kisha anaomba kodi ya WhatsApp kwa njia ya kupigiwa na akaunti inaondoka. Baada ya kuzichezea hizi namba mwezi mzima ndio nimeelewa jinsi ilivyo rahisi.

Nilichofanya ni kuitoa kabatini simu janja ya zamani, ile yenye ufa, hiyo ndiyo simu ya tatu, inakaa kwenye begi la vifaa na inapata intaneti kwa laini ya kitochi nikiihamisha... hapana, natania, sihamishi tena laini maishani. Inapata intaneti kwa waifai ya mteja au kwa hotispoti ya kijana wangu. Kwa meseji za kawaida simu kubwa inatumia ile programu ya meseji ya Google, ina sehemu ya kuunganisha na brauza, unaskani kile kimraba cha madoadoa, unaziona zote na unajibu kwa namba yako ileile. Simu kubwa lazima iwe imewaka na ina intaneti, ikizimika huoni kitu. WhatsApp ni rahisi zaidi, tangu 2023 inaruhusu kuunganisha hata simu nyingine, vifaa vinne ukiacha simu kuu. Wakati wa kusajili usiweke namba, gusa vile vidoti vitatu juu chagua kuunganisha kama kifaa cha ziada. Ukiweka namba tu umejitoa kwenye simu kubwa. Usiniulize nimejuaje.

Na simu kuu ifungue WhatsApp angalau mara moja ndani ya siku 14, la sivyo vifaa vingine vyote vinatolewa. Nilikuwa na kazi ya mbali, zaidi ya wiki mbili, simu kubwa iko nyumbani imelala, asubuhi moja begi likanyamaza. Nikampigia mama watoto aishike simu aiguse WhatsApp, akaniuliza kwa sauti ile, "niiguse tu, au nisome?"

Kupiga ndiko kumebaki na kasoro. Nikipiga kwa kitochi mtu anaona ile namba ya kitochi ambayo sikumpa mtu, tayari wateja wawili wameisevu kama "Fundi 2". Nilijaribu kuificha kwa kuanza na #31#, namba haionekani kweli, na hakuna anayepokea pia. Siku hizi kama kuna waifai napiga kwa WhatsApp kutoka simu yenye ufa, inatoka kwa namba yangu ya kila siku.

Zile sekunde nazo nilizishusha hadi 5, kwa sababu mwanangu mdogo alikuwa anawahi simu kubwa kabla ya 15 kufika, anawaambia wateja "baba yuko juu", akimaanisha ngazi, mteja mmoja akatuma pole. Lakini kwa 5 hata mimi nikiwa nyumbani siifikii. Nimerudisha 15, simu nimeipandisha juu ya kabati na chaja yake. Mpaka leo asubuhi hajaifikia, ila stuli nimeikuta imesogea.