Wadogo zangu mnaotaka kuishi kwa vibonzo

Vijana wa Dar na Nairobi wakiniandikia, swali la kwanza huwa lile lile: "Kaka, unatumia tableti gani?" Huwa nawajibu, kisha na mimi nauliza langu: umeshamaliza kurasa ngapi za stori moja? Wengi hapo hunyamaza. Wana picha kali kweli, shujaa kasimama juu ya ghorofa, misuli imechorwa mshipa kwa mshipa, lakini ukurasa wa pili hakuna. Na kazi hii inalipwa kwa kurasa zilizokamilika.

Naishi Angoulême, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, umekaa juu ya kilima na Mto Charente unapita chini yake. Zamani ulijulikana kwa viwanda vya karatasi, siku hizi ni vibonzo. Tamasha lake lilianza 1974, na kwa desturi linafanyika mwishoni mwa Januari, wakati baridi inauma hasa. Vibao vya majina ya mitaa vina umbo la kiputo cha maneno, kuta za nyumba zimechorwa vibonzo kuanzia chini hadi juu, na maghala ya zamani kando ya mto yamekuwa makumbusho ya sanaa hii. Mtoto wa hapa akisema anataka kuwa mchoraji, hakuna anayeshtuka. Mimi nimekulia Temeke, tukigombania gazeti la vibonzo la Sani likifika mtaani, na mama alikuwa ananiuliza kila mara, "Sasa baba, hiyo kazi utakula nini?"

Swali la mama lina uzito hata huku. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wachoraji na waandishi wa vibonzo nchini Ufaransa: asilimia 53 ya waliojibu walikuwa wanapata chini ya kima cha chini cha mshahara, na asilimia 36 walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Hao ni watu wenye vitabu madukani, wanaosimama kwenye mabanda ya tamasha wakichorea wasomaji picha za bure mpaka mkono unakufa ganzi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mchapishaji anakupa malipo ya awali. Hayo si mshahara, ni mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo, uliotangulizwa. Tuseme kitabu ni euro 15 kabla ya kodi, waandishi wanapata asilimia 10, na wewe unagawana nusu kwa nusu na aliyeandika stori. Kila nakala inakuletea senti 75. Kama ulipewa euro 10,000, lazima ziuzwe nakala zaidi ya 13,000 ndipo uone senti nyingine. Na kitabu cha kawaida cha kurasa 46 kinaweza kula karibu mwaka mzima. Kwa hiyo usipojua unachukua siku ngapi kumaliza ukurasa mmoja, penseli hadi wino, huwezi kujua kama mkataba uliowekewa mezani unakulisha au unakulaza njaa. Jipime kabla hujasaini. Chora kurasa nane mfululizo, andika saa ulizotumia, na usijidanganye.

Sasa nije kwenye kuchora kwenyewe, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Juzi nilikuwa na ukurasa wa mama anayeshuka daladala Mbagala na kugundua pochi yake haipo. Kwenye mswada ni sentensi mbili tu. Kabla ya chochote nachora vijipicha vya ukubwa wa kiberiti, bila sura, bila vidole, nione tu macho ya msomaji yatapita wapi. Kijipicha cha kwanza kilikuwa na daladala nzima, mlango, watu wakishuka, mama akishika kichwa. Kilipendeza, ila hakikusema kitu, maana msomaji alikuwa hajaiona hiyo pochi. Ataumiaje kwa kitu ambacho hakijui? Nikapanga upya. Kisanduku cha pili, yaani fremu ya pili ya picha kwenye ukurasa, pochi nyekundu imebanwa kwapani, konda ananing'inia mlangoni. Cha tatu ni msongamano, mikono tu, hakuna sura hata moja. Cha nne mama yuko chini, daladala inaondoka, vumbi. Cha tano ni mkono wake unapapasa kwapa. Sura yake nikaipeleka nyuma ya ukurasa. Ukurasa wa kulia ndio unaofunuliwa, kwa hiyo kisanduku chake cha mwisho kiache swali, na jibu lisubiri upande wa pili.

Viputo vichore mapema, kwenye vijipicha hivyo hivyo, na anayeanza kusema akae kushoto. Ukisubiri mpaka picha iishe, maneno yataziba uso wa mtu uliyemhangaikia kutwa nzima.

Na chora kwenu, jamani. Naona kurasa nyingi kutoka nyumbani zikiwa na majengo ya New York ambayo mchoraji hajawahi kuyakanyaga, na zinaniuma, kwa sababu mchoraji huyo huyo anapita kila jioni mbele ya kibanda cha chipsi: sanduku la kioo lenye balbu ndani, trei ya mayai, chupa ya tomato iliyotobolewa kifuniko, sufuria jeusi la mafuta. Mhariri wa huku hawezi kubuni hayo. Mchoraji Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechapishwa Ulaya kwa miaka mingi, na Kongo anayoichora ina miti yake, boti zake na nguo zake. Gado, mchora vibonzo vya siasa magazetini, alizaliwa Dar es Salaam, akajenga jina Nairobi, na wanasiasa wake unawatambua kwa namna tu wanavyosimama. Hao walitazama kwanza.

Mkataba usomwe kifungu kwa kifungu, na usisainiwe siku hiyo hiyo. Sheria ya Ufaransa inakulinda pazuri: haki ya jina lako kuwa kwenye kazi yako haiuziki, na haki ya kugeuza kitabu kuwa filamu lazima iwe kwenye mkataba wake wa pekee. Kwa kampuni kubwa za Marekani mambo ni tofauti, mara nyingi unachochora ni mali ya kampuni tangu siku ya kwanza. Popote ulipo, omba toleo la Kiswahili libaki mikononi mwako. Wachapishaji wengi hawana mpango nalo, kwa hiyo ni rahisi kukuachia, na wewe utaweza kukichapisha kitabu chako Dar au Mombasa bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ukiwa tayari kupeleka kazi, peleka muhtasari wa stori nzima, mwisho wake ukiwemo, michoro ya wahusika wakuu, na kurasa tano zilizokamilika zinazofuatana. Zinazofuatana, nasisitiza. Hapa Angoulême ipo pia Maison des Auteurs, nyumba inayowapa wachoraji, wageni wakiwemo, mahali pa kufanyia mradi wao kwa muda, na wanaoomba huko nao wanatakiwa kuonyesha mradi wenyewe. Tafuta masharti yao, yasome, kisha nitumie hizo kurasa tano. Nitazisoma zote.