Watoto 140 na kisima kimoja

Mwaka jana mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi anayosoma binti yangu, huku Temeke, aliniomba nimsaidie igizo la mahafali ya darasa la saba. "Mama Zuhura, watoto ni 140 na mimi niko peke yangu," aliniambia. Hadithi ilikuwa ile ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame. Sungura akagoma kuchimba, kisha akawa anakuja usiku kuiba maji, hadi Kobe alipopakwa ulimbo mgongoni, akajificha kisimani na kumnasa. Watoto waliozoea mgawo wa maji hawakuhitaji kuelezwa kwa nini wanyama wale walikasirika.

Tulifanya mazoezi Julai na Agosti, uwanjani, baada ya vipindi. Maneno waliyakariri ndani ya wiki mbili. Shida ilikuwa sauti. Mtoto anayepiga kelele mapumziko yote, ukimsimamisha mbele anaongea na vidole vya miguu yake. Kwenye kona ya mbali ya uwanja kuna mwembe mkubwa. Nikawa naenda kukaa chini yake, nikisikia neno nanyoosha mkono, nisiposikia natulia. Baada ya siku chache wakaanza kusahihishana wenyewe: "Rudia, mwembe haujasikia!"

Mavazi hayakutugharimu sana. Masikio yalitokana na maboksi ya dukani, mbuyu tukaushona kwa viroba vya sembe, na gamba la Kobe lilikuwa ungo wa nyumbani kwangu, tumeupaka rangi ya kijani na kuufunga mgongoni kwa mipira ya baiskeli. Kitenge cha Simba tu ndicho tulichokifuata Kariakoo.

Kilichonitesa kweli ni watoto wa darasa la kwanza, ndege 40. Kwenye zoezi la mwisho walisubiri nyuma ya pazia, wakachoka, wakatoka kabla ya zamu yao na kumkanyaga Kobe. Nilimwambia mwalimu tusiwafiche. Siku yenyewe tukawakalisha kwenye mikeka mbele ya wazazi, kila mmoja na utepe wa njano mkononi, wakitazama igizo kama wengine. Ngoma ilipolia mara tatu wakainuka pale pale walipokaa, wakaruka kuzunguka kisima. Hakuna aliyekosea. Ningeanza upya leo, hilo ningelifanya tangu siku ya kwanza.

Msimulizi alikuwa binti wa darasa la sita, mpole mno, ambaye Julai nzima sikuwahi kumnyooshea mkono. Alisimama, akatazama juu ya vichwa vya wazazi wote, moja kwa moja kwenye mwembe.

"Paukwa!"

Chini ya mwembe alikuwa amekaa bibi mmoja aliyekosa kiti. Yeye ndiye aliyetangulia kujibu, kabla ya uwanja mzima: "Pakawa!"