Kila nyumba na daftari lake: nilivyotoka nyumba moja ya kupangisha hadi tano

Mwaka wangu mbaya kuliko yote katika kazi ya kupangisha ni ule nilioanza nikijiona nimefika. Nilikuwa na nyumba tatu. Kodi zilikuwa zinaingia, kila nilipotazama akaunti nilikuta fedha, na aliyeniuliza nilimwambia mambo yanakwenda. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nakopa kwa dada yangu ili nilipe rejesho la benki.

Nyumba ya kwanza sikuinunua kwa nia ya kupangisha. Niliishi humo, nikahamishwa kikazi, nikaona si vema ikae bure. Mpangaji wa kwanza alikuwa mwalimu, mtu mtulivu, akilipa kabla hata tarehe haijafika. Nikadhani kupangisha ndiko huko. Ya pili nilinunua kwa fedha nilizodunduliza miaka saba. Ya tatu ilikuwa ya mkopo, na malipo ya awali niliyatoa kwenye akiba yangu. Nilitoa yote. Hilo ndilo ninalolijutia hadi leo, wala si mkopo wenyewe.

Wiki sita baada ya kutia saini, mwalimu akahama. Mwezi huohuo paa la nyumba ya pili likaanza kuvuja, na habari ya paa hilo nataka niieleze vizuri kwa sababu nililiona likija. Mwaka mmoja kabla, mpangaji wa nyumba ile, mama mmoja mwenye watoto wawili, alinionyesha doa kwenye dari ya chumba cha nyuma: duara la rangi ya kutu, upana wa kiganja. "Kaka, mvua zilizopita lilikuwa dogo kuliko hivi," aliniambia. Nikamjibu nitaleta fundi wa rangi. Fundi wa rangi akaja, doa likafunikwa, nikasahau. Kumbe gata la upande ule, mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa, lilikuwa limeziba kwa majani. Maji yakikosa pa kushukia hurudi nyuma, hupenya chini ya bati na kuloweka mbao za ukingoni kimyakimya. Siku fundi wa paa alipofungua dari, alichomeka bisibisi kwenye ubao ikazama hadi kwenye mpini kama anachoma sabuni iliyolowa. Akanitazama bila kusema kitu. Kuzibua gata ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kubadilisha mbao, dari na bati za ukingo kulikula kodi ya miezi mitano ya nyumba ile.

Rafiki yangu mhasibu ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Nyumba ipi inakulisha, na ipi unailisha wewe?" Sikuwa na jibu. Fedha zote zilikuwa zinaingia kwenye akaunti moja na kutoka hapohapo, pamoja na mshahara wangu na ada za watoto. Nyumba moja ilikuwa inabeba nyingine na mimi sijui.

Nilikaa usiku mbili na boksi la risiti. Nikanunua madaftari matatu, kila nyumba na lake. Kila ukurasa ni mwezi mmoja: kodi iliyoingia, siku ambazo nyumba ilikaa tupu, matengenezo, bima, kodi ya serikali, na kwa ile ya mkopo, rejesho likiwa limegawanywa riba upande huu na deni lenyewe upande ule. Leo natumia jedwali la kompyuta, lakini madaftari yale matatu bado ninayo.

Yaliyotokea hapo yaliniuma. Nyumba ya pili, ile niliyoipenda kuliko zote kwa uwanja wake mpana na kodi yake kubwa, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kila kilichoingia kilirudi kwenye bomba, uzio na paa. Kile kinyumba cha kwanza cha vyumba viwili, nisichokitolea macho, ndicho kilikuwa kinashikilia zote. Nyumba ya mkopo nayo ilinifundisha hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kutia saini. Chukua mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipa kiasi kilekile kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, karibu sehemu 91 kati ya 100 ni riba. Ukishalipa miaka 10 bila kukosa hata mwezi, deni lililobaki bado ni zaidi ya robo tatu ya ulichokopa. Mimi nilidhani nusu ya miaka ni nusu ya deni.

Niliiuza nyumba ya pili. Ndugu zangu walinishangaa, maana kwetu kuuza nyumba ni kama kukubali kushindwa. Lakini ilikuwa uamuzi bora kuliko wote niliofanya katika kazi hii. Sehemu moja ya fedha nilipunguza deni, na kwa kuwa fedha ile ilikata deni lenyewe, riba ya kila mwezi uliofuata ikashuka. Sehemu nyingine nikaiweka akiba ya nyumba, kiasi cha kulipa gharama zote za nyumba mbili zilizobaki kwa miezi sita hata kama hakuna mpangaji. Akiba hiyo iko akaunti yake. Amana za wapangaji, fedha wanazoweka wanapoingia na kurudishiwa wanapohama, ziko akaunti nyingine, sizigusi, kwa sababu si zangu. Nimepewa tu dhamana ya kuzitunza.

Kilichobadilika zaidi, hata hivyo, ni namna ninavyowatazama wapangaji. Zamani kila mkataba ulipoisha nilipandisha kodi nikiamini huko ndiko kukua. Safari moja nilipandisha asilimia 10, mpangaji akahama, nyumba ikakaa miezi miwili tupu. Piga hesabu: ongezeko lile lilihitaji miezi 20 kurudisha miezi miwili niliyopoteza, na hapo sijahesabu rangi mpya, vitasa na ada ya dalali. Mwezi mmoja mtupu peke yake ni zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka mzima. Tangu hapo safu ya siku tupu ndiyo ninayoisoma kwanza. Kodi bado napandisha, kwa sababu gharama nazo zinapanda, lakini kidogokidogo, kwa notisi ya mapema na kwa maelezo. Mpangaji anayelipa vizuri na kutunza nyumba simpi bei ya juu kabisa ya mtaa. Namwachia kidogo, na nafanya hivyo nikijua ninachofanya.

Na akinipigia simu kuhusu tatizo, naenda. Kijana mmoja aliniambia bili yake ya maji imekuwa mara mbili na yeye anaishi peke yake. Fundi bomba alipofika hakuvunja kitu. Aliweka matone ya rangi kwenye tangi la choo, akatuomba tusivute maji, tukasubiri nusu saa tukizungumza sebuleni. Tuliporudi maji ya bakuli yalikuwa yamegeuka bluu. Mpira unaoziba tundu la maji ndani ya tangi ulikuwa umekakamaa, maji yanapita usiku na mchana bila sauti. Mpira wenyewe ni kitu kidogo cha kutosha kwenye kiganja. Nikamlipia tofauti ya bili, kwa sababu kifaa ni changu. Kijana yule amesaini mkataba mara nne tangu siku hiyo, na kila mara wa kuulizia kusaini ni yeye.

Siku hizi sikabidhi funguo bila kuzunguka nyumba pamoja na mpangaji. Tunaanzia mlango wa mbele tunafuata ukuta: swichi, soketi, madirisha, koki, mkwaruzo wa mlango, namba za mita ya umeme na maji. Kila kitu kinapigwa picha yenye tarehe na kuandikwa, tunatia saini wote wawili, nakala moja yake na moja yangu. Inachukua saa nzima na wengine huchoka, lakini siku ya kuhama hakuna ubishi juu ya amana. Nilishawahi kugombana na mpangaji kwa ajili ya dirisha ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kuthibitisha lilipasuka lini. Nilimkata fedha. Leo nadhani huenda yeye ndiye alikuwa na haki, na jambo hilo linanisumbua bado.

Tangu niuze ile ya pili imepita miaka tisa. Nimenunua tatu nyingine, kwa hiyo sasa ni tano, na ninazipima kwa namna moja. Kodi naihesabu ya miezi 10, siyo 12. Katika hiyo natoa sehemu ya kumi kwa ajili ya matengenezo, na kwa nyumba kuukuu natoa zaidi. Natoa bima na kodi ya serikali. Halafu najiuliza riba ikipanda itakuwaje: kwa mkopo ule wa miaka 20 niliousema, riba ikitoka asilimia 12 ikafika 14, rejesho linapanda karibu asilimia 13, na kodi haiwezi kupanda hivyo ghafla bila kufukuza watu. Ikibaki chochote baada ya hapo, ndipo naenda kuiona nyumba, na naenda siku ya mvua kama inawezekana. Ninatazama dari kabla ya vigae vya sakafuni. Hati naipeleka kwa wakili kabla sijatoa hata malipo ya kushika nafasi.

Nyingi zinakwama kwenye karatasi. Wiki iliyopita dalali aliniletea ya sita, nyumba nzuri, karibu na nyingine yangu kiasi kwamba fundi wangu angeweza kuzihudumia kwa safari moja. Hesabu ilikubali. Lakini nilipofungua ukurasa wa nyumba ya nne nikakuta akiba ya paa lake ni nusu tu ya ninachohitaji, na bati zake zina miaka mingi kuliko za nyumba zote. Nikampigia dalali kumwambia asinisubiri. Jumamosi fundi anapanda juu kuzikagua, nami nitakuwepo kushika ngazi.