Kwa mwalimu wa muheme, mashariki ya Dodoma

Julai, Dodoma huamka na baridi ya kuvalia sweta, na upepo huanza kupeperusha vumbi kabla jua halijapanda. Nilipanda daladala la Chamwino saa kumi na mbili na nusu, kwenda kuona ngoma ya muheme ikifundishwa. Barabara ni hiyo hiyo ya Morogoro: Nanenane, Ihumwa, majengo ya Mji wa Serikali pale Mtumba, kisha mashamba yanafunguka. Mabua ya mtama na uwele yalikuwa yamesimama makavu na mibuyu haina jani. Ukiishapita Buigiri, Chamwino haiko mbali. Jumla ni kilomita 30 na ushei kutoka mjini. Pale nikachukua bodaboda hadi kijijini, njia ya mchanga unaomeza tairi, kwa hiyo dereva hupita pembeni kwenye majani.

Anayetaka kuona ngoma ikifundishwa aje kiangazi. Mvua za huku ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa muda wote huo mikono ya watu iko kwenye jembe. Mavuno yakiishaingia ndani ndipo ngoma hutolewa.

Nilimkuta mwalimu, bibi mmoja, amekaa kwenye kigoda chini ya mti wa mkungugu, miguu ameinyoosha juani. "Mbukwenyi," nikasalimu, naye akaitikia, kisha nikamwamkia shikamoo kama inavyompasa mtu wa umri wake. Sukari kilo 2 na majani ya chai vilipokelewa na mkwewe kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza shida yangu mpaka nilipokunywa maji. Mgeni mwenye haraka hapa hukosa mengi, maana somo lenyewe haliitwi. Huanza tu wasichana wanaporudi kisimani.

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, na asili yake iko kwenye jando na unyago. Ngoma zenyewe huchongwa kutoka gogo moja: juu pana, katikati pamebanwa kama kiuno, chini pako wazi. Juu huwambwa ngozi. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, hupiga kwa viganja vyote viwili, na wakati huo huo anaimba na kutembea. Hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Kabla ya pigo la kwanza palikuwa na moto. Mwalimu hataki mkaa wala kuni nene. Anataka mabua makavu, yawake haraka na kuzimika haraka. Usiku ngozi imenyonya ubaridi na kulegea, ikipigwa inatoa mlio mzito uliokufa. Msichana huielekeza ngoma kwenye mwali wa moto kwa umbali wa mkono mmoja, anaizungusha polepole, na kila baada ya muda anaigonga kwa kidole. Mlio ukipanda na kukaza, basi. Akikawia, ngozi hukakamaa na kuchanika pembeni, mahali iliposhikiliwa, na kuwamba upya ni kazi ya siku kadhaa: kuloweka, kuvuta, kukausha kivulini. Wale wadogo waliisogeza mno kwa sababu ya baridi ya mikono yao wenyewe. Bibi hakufoka. Aligonga kigoda kwa fimbo mara moja, wakarudi nyuma.

Somo halianzii kwenye ngoma. Kwanza mdomo: mwalimu anatamka mapigo kwa ulimi, na mwanafunzi anayarudia mpaka ulimi usikwame. Kisha viganja juu ya mapaja yake mwenyewe, akiwa amekaa chini. Wengine hukaa hatua hii wiki nzima. Ngoma ndogo huja baadaye, na kazi yake ni kushikilia pigo moja lisilobadilika, maana zile kubwa hutembea juu yake. Nafikiri hapa ndipo mwalimu mzuri hujulikana: anampa sifa msichana anayeshika pigo dogo saa nzima bila kukimbia, wakati kila mtu anamtazama anayeongoza.

Makosa niliyoyaona yanajirudia. La kwanza, kubana kwa magoti badala ya mapaja. Ngoma inateremka, mpigaji anaikimbilia kwa mkono, na pigo linavunjika. La pili, kanga ndefu. Ikiziba tundu la chini, sauti haina pa kutokea na ngoma inakuwa kama ndoo iliyojaa. Bibi huwaambia wakunje kanga juu zaidi kabla hawajasimama. La tatu ni kupiga kwa nguvu za bega: baada ya nyimbo mbili mikono imechoka. Pigo linatakiwa litoke kwenye kifundo cha mkono, bega likibaki huru, kwa kuwa bega lina kazi yake. Mabega ndiyo huchezesha ushanga wa shingoni, uruke na kutua pamoja na ngoma. Msichana mmoja alikuwa akitikisa shingo. Mwalimu alimwekea jani la mbuyu kavu utosini, akamwambia acheze bila kuliangusha. Hakuna kioo hapa, jani linatosha.

Sauti nazo zinafunzwa kwa sikio. Mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, na mwitikio hugawanyika papo hapo: wengine juu, wengine chini, sauti zikienda sambamba. Aliyezoea kwaya ya kanisani hujaribu kulainisha, mwalimu anamkataza. Anataka sauti ya kooni, iliyo wazi, inayofika ng'ambo ya korongo.

Umri wake hauhesabu kwa miaka. Anasema alikwisha kuolewa wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliacha nyumba zao za tembe, wakabeba mawe ya kusagia, mbegu na ngoma. Amefundisha mabinti, kisha mabinti wa mabinti hao. Mapaja yake hayabani tena ngoma, tangu lini hakusema. Anafundisha kwa fimbo na masikio, na nilishuhudia akimtambua aliyekosea kati ya wapigaji 7 huku amewapa kisogo, anachambua mlenda.

Nje ya nchi muziki wa Wagogo unajulikana zaidi kwa jina la Hukwe Zawose, mtoto wa Doduma aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Ilimba yake, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze yake ya nyuzi vilirekodiwa na vinasikilizwa mpaka leo. Walimu wa muheme wamebaki vijijini, na majina yao hayavuki mto. Hili linaniuma, kwa sababu anachokijua bibi huyu hakiandikiki chote: kiasi cha kubana, umbali wa moto, muda wa kusubiri kabla ya kumsahihisha mtoto.

Jioni, jua likigusa mibuyu, ngozi zilianza kulegea tena. Zikapashwa moto mara ya mwisho kwa ajili ya wimbo mmoja mrefu, na safari hii wadogo walisimama mbali na moto bila kuambiwa. Kisha ngoma zikaingizwa ndani na kutundikwa ukutani kwa kamba. Chini mchwa hula mti, na panya hutafuna ngozi. Jani la mbuyu lilibaki kwenye kigoda; yule msichana alirudi kulichukua, akaliweka utosini, akaondoka nalo kuelekea kwao.