Nilivyolizuia Jua la Jioni Lisiingie Chumbani kwa Mama

Mama yangu alihamia kwetu Tegeta, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, akitokea Lushoto alikoishi tangu alipoolewa. Mtu aliyezoea ubaridi wa Milima ya Usambara, ukimleta pwani katikati ya msimu wa kaskazi, unamtesa bila kukusudia. Chumba tulichompa kilikuwa kikubwa na kilikuwa karibu na choo, jambo tulilolitanguliza kwa sababu ya magoti yake, lakini madirisha yake mawili yalitazama magharibi, na hilo hatukulifikiria hata kidogo. Kila ilipofika saa kumi alasiri alibeba kiti chake akaenda kukaa ujiani, na tulipomuuliza alisema anapunga upepo tu. Siku moja niliingia chumbani kumchukulia miwani, nikashika kioo cha dirisha ili nikisogeze, nikautoa mkono haraka kwa jinsi kilivyokuwa na moto. Nilinunua kipimajoto cha ukutani, na kwa wiki nzima, saa kumi na moja jioni, kilisoma kati ya nyuzi 35 na 36 ndani ya chumba kile, wakati nje chini ya mwembe kilisoma 32. Mama alikuwa analala katika chumba chenye joto kuliko uwanja.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya makosa, nami naieleza kwa sababu naona majirani wengi wanaipitia. Nilibandika karatasi nyeusi kwenye vioo na kutundika mapazia mazito. Mwanga ulipungua kweli, chumba kikawa na giza la kupumzisha macho, lakini kipimajoto hakikushuka hata nyuzi moja kamili. Ilinichukua muda kuelewa sababu. Miale ya jua ikishavuka kioo, joto limekwisha kuingia nyumbani. Pazia linaipokea, linapata moto lenyewe, kisha linautoa moto huo humo humo chumbani. Karatasi nyeusi nayo hunyonya jua na kukifanya kioo kiwe kama jiko dogo lililosimama ukutani. Jua linapaswa kuzuiwa kabla halijagusa kioo, yaani nje. Wizara ya Nishati ya Marekani, katika maelekezo yake kwa wenye nyumba, inasema kwamba kifuniko cha kivuli kilichofungwa nje juu ya dirisha kinaweza kupunguza joto la jua linaloingia kwa hadi asilimia 65 kwa dirisha linalotazama kusini, na hadi asilimia 77 kwa linalotazama magharibi. Kusini yao si kusini yetu, kwa sababu wao wako mbali upande wa kaskazini wa ikweta, lakini magharibi ni magharibi popote, na ndiko tatizo langu lilikokuwa.

Nilidhani basi kwamba dawa ni kurefusha upenu. Nyumba yetu ina upenu wa sentimita 60 kuizunguka pande zote, na fundi mmoja alinishauri kuongeza paa dogo la bati juu ya kila dirisha. Kabla sijatoa fedha, niliamua kulipima jua lenyewe. Mwishoni mwa Februari nilisimika uwanjani fimbo ya urefu wa mita moja, wima kabisa, na kila baada ya nusu saa nikapima kivuli chake. Saa tisa na nusu kivuli kilikuwa karibu mita moja sawa na fimbo. Saa kumi na nusu kilifika mita 1 na sentimita 65 hivi. Saa kumi na moja na nusu kilizidi mita 3. Vipimo hivyo vilinifundisha zaidi ya maneno ya muuzaji yeyote, kwa kuwa kutokana navyo mtu anaweza kukokotoa upenu unafunika kiasi gani cha dirisha: unagawanya urefu wa upenu kwa urefu wa kivuli cha fimbo ya mita moja. Upenu wangu wa sentimita 60 unaweka kivuli cha sentimita 60 ukutani saa tisa na nusu, sentimita 36 saa kumi na nusu, na chini ya sentimita 20 saa kumi na moja na nusu. Dirisha la mama lina urefu wa sentimita 120, na linaanza sentimita kadhaa chini ya upenu. Ili paa dogo lilifunike lote saa kumi na nusu, lingehitaji kutokeza karibu mita 2, na saa moja baadaye lisingetosha tena. Jua la jioni haliji kwa juu. Linakuja usoni, na kitu kinachokuja usoni huzuiwa kwa kitu kilichosimama wima.

Pande nyingine za nyumba zina hali yao. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba. Mwezi wa Juni huelekea kaskazini, lakini saa sita mchana bado liko juu kiasi cha nyuzi 60, na upenu wa sentimita 60 huweka kivuli cha zaidi ya mita moja ukutani. Mwezi wa Desemba huegemea kusini kidogo tu. Kaskazini na kusini, basi, upenu wa kawaida unatosha, nami sikutumia hata shilingi moja kwa madirisha ya huko. Mashariki kuna jua la asubuhi, ila linapiga nyumba iliyopoa usiku kucha, kwa hiyo halichoshi kama la jioni linalozikuta kuta zimekwisha kupata moto.

Kabla ya kuchagua kizuizi cha kusimamisha mbele ya madirisha ya mama nililazimika kufikiria upepo, na hapa nawaomba wasomaji wa pwani wawe makini kuliko mahali pengine pote. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini mashariki. Misimu yote miwili, hewa inaingia nyumbani kwetu kwa upande wa mashariki na inatakiwa kutokea upande wa magharibi, ambako ndiko madirisha ya mama yaliko. Ukiyaziba madirisha hayo kwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa, umezuia jua la chumba kimoja na umezima upepo wa nyumba nzima. Nyavu za mbu tayari zinapunguza hewa inayopita, na sikutaka kuongeza ukuta mwingine juu yake. Wazee wa pwani na visiwani walilijua jambo hili, ndiyo maana majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yana milango ya madirisha yenye vipande vya mbao vilivyolala mshazari, vinavyokata jua na kuacha hewa ipite. Hata neno chandarua, ambalo leo tunalitumia kwa neti ya mbu, lilitumika pia kwa kitambaa kinachotandwa juu ya watu ili kuwakinga na jua.

Milango ya mbao ya namna hiyo ndiyo niliyoitamani kwanza. Seremala aliniambia bei ya mninga, nikamshukuru nikaondoka. Pazia la mianzi lilinivutia pia, lakini jirani aliyekuwa nalo alinionyesha jinsi nyuzi zake zilivyooza baada ya masika mbili. Vifuniko vya kivuli vya kukunja vyenye mikono ya chuma, vinavyoagizwa kutoka nje, ni vizuri kwa kibaraza, lakini hutokeza juu kama upenu, na fimbo yangu ilikwisha kunijibu kuhusu upenu. Nilichokichagua hatimaye ni neti ya kivuli, ile ile ambayo wakulima wa mboga huitanda juu ya vitalu vya miche, ikifungwa wima mbele ya dirisha na kukunjwa kwa kamba.

Neti hizi huuzwa kwa asilimia ya jua linalozuiwa. Nilinunua vipande vidogo vya asilimia 50, 80 na 90, nikavitundika kimoja kimoja, na nikamwita mama aamue, kwa kuwa chumba ni chake. Ya 50 ilimwachia jua lingi usoni. Ya 90 aliikataa mara moja. "Mwanangu," alisema, "usinifungie kama kuku anayeatamia. Nataka niwaone wanaopita njiani." Ya 80 aliitazama kwa muda, akamtambua mtoto wa jirani aliyekuwa akipita na ndoo, akasema hiyo hiyo. Tuliichukua nyeusi. Watu hushangaa, wakisema cheusi huvuta joto, na ni kweli neti yenyewe hupata moto. Lakini ikiwa nje, tena ikiachiwa nafasi kati yake na ukuta, joto hilo hupanda na kuondoka na hewa. Rangi nyeupe inarudisha jua zaidi, ila jua likiipiga inang'aa, na macho ya mama hayavumilii mng'ao.

Nafasi hiyo kati ya neti na ukuta ndiyo niliyoisimamia kwa karibu sana wakati wa kazi. Nilitaka sentimita 20. Fundi wa kuchomelea alikuja na fremu za bomba jeusi, zenye vishikizo vya sentimita 5.

"Mwalimu, hili ni bei nafuu, na tukilipaka rangi litadumu," aliniambia.

Nilimwongoza hadi getini nikamwonyesha sehemu ya chini, ambako chumvi ya bahari ilikuwa imeshatoboa chuma ndani ya miaka minne. Alicheka, akakubali kurudi na bomba lililopakwa zinki na vishikizo vya sentimita 20. Tukakubaliana pia kwamba aunganishe kwa bolti badala ya kuchomelea, kwa sababu moto wa kuchomelea huunguza zinki, na kutu huanzia hapo hapo kwenye maungio. Fremu tuliifunga kwenye linta ya zege iliyo juu ya dirisha. Ukiifunga kwenye lipu na tofali peke yake, upepo wa kusi utaing'oa. Pindo za neti zilikunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi wa nailoni na fundi anayeshona maturubai ya malori, na chini tukapitisha bomba jembamba liwe uzito wa kuizuia isipepee.

Kikwazo kimoja kilijitokeza baada ya kazi kuisha. Madirisha yetu yana nondo, na mkono haupenyi kuifikia kamba. Ilibidi fundi arudi kutoboa tundu dogo kwenye fremu ya aluminiamu, akapitisha humo kamba ya kushushia na kupandishia neti kutoka ndani. Mwenye madirisha yanayofunguka kwa kusukuma nje apime hilo mapema, kwani bawa la dirisha linaweza kugonga neti. Yetu ni ya kusogeza, hatukupata shida hiyo.

Kibarazani, upande wa kaskazini, nilipatwa na hasara ambayo ingeweza kuepukika. Huko tulitaka kinga ya mvua pia, kwa hiyo tulinunua turubai zito lisilopenyeza maji, na muuzaji akatufungia yeye mwenyewe. Alilitanda likawa tambarare kama meza. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilikusanya maji katikati, turubai likafanya tumbo kubwa, na usiku mishono ikaachia. Muuzaji alikataa kurudi. Niliumia kwa ajili ya fedha, lakini zaidi kwa sababu wanangu huwa wanakaa pale jioni. Tulilishona upya na kuliinamisha, likishuka sentimita 25 kwa kila mita moja, na tangu hapo maji hayatuami. Dar es Salaam imeshapata milipuko ya homa ya dengue, ukiwemo ule wa 2014 na ule wa 2019, na mbu wake huzaliana katika maji machache tu yaliyotuama, kwa hiyo turubai lenye tumbo si jambo la kuvumilia hata kama halijachanika.

Chumba cha mama sasa, saa kumi na moja jioni siku za joto kali, kinasoma 32 au 33, kulingana na hewa ya nje. Kivuli hakipoozi hewa, na anayetaka nyuzi 25 atahitaji kiyoyozi. Lakini gharama yote ya madirisha yale mawili ilikuwa chini ya nusu ya bei ya kiyoyozi kimoja, na neti haili umeme wa Luku. Feni ndogo inamtosha. Neti huoshwa kwa maji na brashi laini kila baada ya miezi miwili, kwa sababu vumbi likijaa kwenye matundu hewa haipiti, na upepo ukivuma kwa nguvu tunaikunja juu na kuifunga.

Jambo la mwisho lilitoka kwa mama mwenyewe. Aligundua kwamba hata neti ikiwa imeshushwa, joto fulani lilikuwa likipanda kutoka chini, kwenye tofali za saruji tulizotandaza nje ya dirisha lake, ambazo hushika jua mchana kutwa. Tuliziondoa kwa upana wa mita moja na nusu kando ya ukuta, tukarudisha udongo, naye akapanda mchaichai. Saa tisa alasiri huvuta kamba akashusha neti, na jua likishazama huipandisha, kisha hutoka na kopo lake kwenda kumwagilia.