Radoni ya uvunguni: nailoni peke yake haitoshi jamani

Kama nyumba yako imeinuliwa kidogo na chini ya sakafu kuna uvungu wa udongo mtupu, naomba usome hii, maana inaniuma kuona watu wanalala miaka na miaka juu ya gesi isiyo na harufu wala rangi na hakuna aliyewahi kupima.

Gesi yenyewe inaitwa radoni. Urani, madini yenye mionzi, iko kidogo kidogo kwenye mawe na udongo karibu kila mahali, inaoza taratibu mpaka inakuwa radiamu, radiamu nayo inazaa radoni, na kwa vile ni gesi inapenya kwenye udongo inapanda juu. Ikitokea nje inatawanyika tu, ikitokea uvunguni inaingia ndani kwako. Tena nyumba yenyewe ndo inaivuta, hewa ya moto inapanda inatokea juu, basi ya chini inanyonywa kuziba pengo, ndo maana msimu wa baridi vipimo hupanda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwa watu ambao hawajawahi kuvuta sigara radoni ndo chanzo kikuu cha saratani ya mapafu, na kwa anayevuta hatari inazidi mara nyingi.

Kwa hiyo pima kwanza. WHO wanapendekeza isizidi bekereli 100 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) kwa mita ya ujazo ya hewa, Marekani wanasema ikifika 148 rekebisha. Kipimo kikae chumba cha chini mnachoishi, sio uvunguni, na madirisha yawe yamefungwa.

Sasa kwenye kurekebisha ndo watu wengi wanaishia njiani. Wanatandika nailoni juu ya udongo wanasema tumemaliza. Nailoni ni muhimu sana, unyevu inazuia, ila gesi itatafuta tu upenyo pembeni. Kinachofanya kazi hasa ni kunyonya hewa CHINI ya nailoni kabla haijapanda. Unalaza bomba lenye matobo juu ya udongo, unafunika na nailoni nene (isipungue milimita 0.15, na kama mafundi hutambaa humo chukua nene zaidi), vipande vipishane kama sentimita 30 na viungo vyote vizibwe kwa tepu, kingo zigandishwe ukutani kwa gundi, na kila nguzo na kila bomba linalotoboa nailoni lizungushiwe vizuri, hapa usiwe na haraka kabisa kwa sababu ukiacha mwanya feni itavuta hewa ya uvunguni badala ya ile ya kwenye udongo. Halafu bomba la PVC linatoka pale chini linapanda mpaka juu ya paa, mbali na madirisha, na feni inawaka saa zote. Feni ikae darini au nje, isikae uvunguni wala ndani, kwa sababu bomba lililo baada ya feni likivuja linakumwagia radoni yote ndani ya nyumba.

Kuna wanaoshauri ufungue matundu ya hewa uvunguni basi. Yanasaidia kiasi, lakini upepo ukitulia huna kitu, na penye baridi kali mabomba ya maji yanaganda. Na kufunga feni ya kunyonya uvungu mzima bila nailoni mimi siipendi, hasa kama kuna jiko au hita ya gesi, inaweza kurudisha moshi wenye sumu ndani.

Kwenye bomba weka kipimo cha mvuto, kile kibomba chenye umbo la U chenye maji ya rangi. Maji ya pande mbili yakilingana ujue feni haivuti. Ila kipimo hicho kinaonyesha mvuto tu, radoni hakioni, kwa hiyo pima tena mfumo ukishawaka zaidi ya siku nzima, na uendelee kupima kila baada ya miaka 2. Na fundi bomba akiingia humo mwambie kabisa akitoboa nailoni aseme, izibwe siku hiyo hiyo.