Bahari ipi?

Mwaka wa kwanza wa uzamili nilikwenda pwani ya mashariki ya Unguja na nyundo, kamba ya kupimia na kiburi kidogo. Kazi niliiona nyepesi: tafuta matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, pima yako mita ngapi juu ya bahari, bandua kipande ukakitafutie umri. Miaka 125,000 hivi iliyopita, barafu ya Greenland na Antaktika ilipungua kuliko leo, bahari ikapanda mita 6 hadi 9 juu ya ilipo sasa. Pwani yetu iko mbali na barafu hizo, wala ardhi yake haikulemewa na uzito wa barafu kama Skandinavia, ndiyo maana ushahidi wa bahari hiyo ya juu unatafutwa hapa.

Nikapima kuanzia ule mstari wa mwani na takataka unaoachwa na maji yakijaa. Msimamizi wangu alijibu kwa maneno mawili: "Bahari ipi?"

Ni kweli. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hupishana karibu mita nne kati ya kujaa na kupwa. Kosa langu peke yake lilitosha kuzamisha utafiti mzima.

Aliyenitoa hapo ni shangazi, anayechokoa pweza tangu usichana wake. Siku ya bamvua nilimfuata hadi mwambani. Akagonga kwa mti wake tumbawe hai lenye kichwa bapa kama meza. "Hili haliendi juu tena, mwanangu. Maji yanakomea hapa. Likichomoza, jua linaliua." Hutanuka pembeni tu.

Basi nikaanza upya: nikapima kimo cha matumbawe bapa ya kale dhidi ya bapa yaliyo hai, kwa darubini ya wapima ardhi. Ilinichukua bamvua tatu, maana maji mafu, yasiyokupwa sana, hayafunui kitu.

Ukabaki umri, unaopimwa kwa kulinganisha urani iliyomo ndani ya tumbawe na thoriamu inayotokana nayo. Hapo adui ni mvua: hugeuza aragonaiti, madini ya asili ya tumbawe, kuwa madini mengine, kalsaiti, na hesabu ya urani huharibika. Siku hizi nikivunja jiwe likametameta kama sukari, naliacha. Wakati ule sikujua. Katika vipande 14 maabara ilikubali vitatu, vyote vya chini ya jabali lililoinama, pale shangazi alipokuwa akijificha jua ale wali wake.